Sindano ya mgongo na dawa yake: maswali kuhusu bupivakaini

Mama anayepelekwa chumba cha upasuaji kujifungua huambiwa atachomwa "sindano ya mgongo". Wengi huingia na hofu ya sindano, wakasahau kuuliza dawa. Mara nyingi dawa hiyo ni bupivakaini.

Ni ganzi ile ile ya kung'olea jino?

Ni ndugu yake. Kwenye jino hutumika zaidi lidokaini, ambayo hushika upesi na kuachia mapema. Bupivakaini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1957, hudumu zaidi. Zote huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo. Si nusu kaputi: utakuwa macho, na mtoto akilia utamsikia.

Kwa nini niketi nimejikunja, kisha nilazwe haraka?

Ukijikunja, mifupa ya uti wa mgongo huachana kidogo na sindano hupata njia. Huchomwa kiunoni, chini ya pale uti wenyewe, yaani shina la mishipa ya fahamu lililo ndani ya mifupa hiyo, unapoishia. Kwa hiyo ule usemi wa mtaani kwamba "wanakuchoma uti" si kweli. Dawa huingia kwenye maji yanayouzunguka uti, na kwa upasuaji wa kujifungua haizidi sana nusu kijiko cha chai. Kiasi hicho kidogo hutosha kwa sababu kinafika penyewe.

Aina inayotumika hapo imetiwa sukari ili iwe nzito kuliko maji hayo, nayo huzama upande ulio chini. Ndiyo maana unalazwa upesi, na kitanda huinamishwa kidogo kuiongoza dawa. Miguu hupata joto, kisha inakuwa mizito kama si yako, kwa saa mbili tatu hivi. Kuvutwa na kusukumwa utakusikia. Ukisikia maumivu makali, sema hapo hapo, usijikaze.

Kichefuchefu cha ghafla je?

Mara nyingi presha imeshuka, kwa kuwa ganzi hulegeza pia mishipa ya damu. Mtaalamu wa usingizi hulitarajia hilo na ana dripu na dawa za kuipandisha. Mwambie tu.

Nitaumwa mgongo maisha yangu yote?

Pale ilipopita sindano panaweza kuuma siku chache. Maumivu ya mgongo ya muda mrefu baada ya uzazi huwapata hata ambao hawakuchomwa. Ujauzito na kubeba mtoto vina mchango wake. La kuangalia ni kichwa: kikiuma ukiketi na kutulia ukilala, rudi hospitali. Sindano nyembamba za siku hizi zimepunguza sana tatizo hilo.

Hatari kubwa iko wapi?

Kwenye mshipa wa damu. Bupivakaini hutumika pia kutia ganzi mkono au mguu mzima, na kuzunguka kidonda cha upasuaji, na huko kipimo ni kikubwa zaidi. Ikiingia kwenye damu kwa wingi hung'ang'ania moyo, na moyo ukisimama ni kazi kuuamsha. Kwa hiyo kipimo huhesabiwa kwa uzito, takriban miligramu 2 kwa kila kilo, na dawa husukumwa kidogo kidogo huku ikihakikishwa kwamba damu hairudi kwenye bomba. Ladha ya chuma mdomoni, midomo kufa ganzi, masikio kuvuma: taja mara moja, kabla ya degedege. Tiba yake mojawapo ni dripu ya mafuta ya asilimia 20, ambayo kwa maoni yangu haifai kukosekana panapotiwa ganzi ya aina hii.

Hatari nyingine ni ya chupa kufanana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, kuchomwa mgongoni kwa kudhaniwa ganzi. Kosa hilo huua. Kusoma lebo kwa sauti kabla ya kuvuta dawa si mbwembwe.

Niseme nini kabla?

Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, una ugonjwa wa moyo au wa ini, una jipu mgongoni, au ganzi iliwahi kukudhuru.

Nimerudi nyumbani, mkono bado umekufa ganzi.

Ganzi ya mkono yaweza kudumu nusu siku au zaidi. Uweke kwenye kitambaa cha shingoni, usiusogeze karibu na jiko wala maji ya moto, kwa maana utaungua bila kujua. Meza dawa ya maumivu uliyopewa kabla ganzi haijaachia. Ikishaachia, maumivu huja yote kwa pamoja. Waliochomwa mgongoni wakishindwa kukojoa, wakipata homa na maumivu ya mgongo, au miguu iliyokwisha kuamka ikalegea tena, waende hospitali usiku huo huo.