Biogesi haiibi mbolea ya shamba

Huku Dodoma bado utasikia kwamba ukiingiza samadi kwenye mtambo wa biogesi, mizabibu italala njaa. Si kweli. Ndani ya mtambo, bakteria wasiohitaji hewa hula kaboni na kutoa methani, inayowaka jikoni badala ya gesi ya mtungi. Virutubisho vya mimea, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, hubaki kwenye tope linalotoka upande wa pili. Tena sehemu ya naitrojeni huwa imegeuka amonia, ambayo hupotea hewani tope likianikwa juani, kwa hiyo lifukie mapema.

Kikwazo halisi, kwa maoni yangu, ni maji, pamoja na kuipata samadi yenyewe. Mtambo wa kawaida hutaka takriban ndoo moja kwa kila ndoo ya samadi mbichi, na ng'ombe wanaoshinda malishoni huiacha samadi huko huko.