Jino la Utotoni Likitoboka: Kuziba, Kupaka Dawa au Kung'oa?

Tangu timu yetu ipite shuleni mwezi Machi kupima meno ya watoto, dawati la malalamiko la hospitali limekuwa likipokea manung'uniko ya aina mbili. Wazazi wengine wanasema daktari amekataa kung'oa jino bovu la mtoto. Wengine wanasema mtoto alikuja na tobo la kahawia, akarudi nyumbani na jino jeusi. Tunayapokea yote kwa heshima. Hata hivyo, mengi yanatokana na dhana moja, kwamba jino la utotoni halina thamani kwa kuwa litang'oka tu.

Litang'oka lini? Uamuzi wetu unaanzia hapo. Meno ya mbele hung'oka mtoto akiwa na miaka 6 au 7, lakini magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 na hata 12. Mtoto wa miaka 4 mwenye gego lililotoboka bado analihitaji kwa miaka sita au zaidi, na kulisubiri ling'oke lenyewe ni kumwacha alale na maumivu miaka yote hiyo. Tena gego hilo linashika nafasi ya jino la ukubwani litakaloota mahali pake. Gego la pili la utotoni likitolewa mapema, gego la ukubwani linaloota nyuma yake karibu na umri wa miaka 6 husogea mbele, na jino lililopaswa kuota pale hukosa njia. Hilo gego la miaka 6 huota bila jino lolote kung'oka kwanza, kwa hiyo wazazi wengi hulidhania la utotoni na kutusihi tulitoe. Ni jino la kudumu. Likitolewa halioti lingine.

Swali la pili ni kina cha tobo. Gamba la meno haya ni jembamba na kiini chake, yaani sehemu ya ndani yenye neva na mishipa ya damu, kiko karibu, kwa hiyo uozo hufika ndani upesi. Tukikuuliza kama mtoto anaumwa anapokula kitu baridi au kitamu kisha maumivu yanaisha, au kama jino linamwamsha usiku lenyewe, tafadhali jibu kwa uhakika. La kwanza kwa kawaida bado linazibika. La pili, hasa kukiwa na kipele cha usaha kwenye fizi, linaonyesha kiini kimeathirika. Hapo tunazungumzia kutibu kiini chenyewe au kung'oa, na kuziba juu juu ni kufungia ugonjwa ndani.

Swali la tatu ni mtoto mwenyewe: anaweza kutulia kwenye kiti? Kwa asiyeweza kuvumilia mashine kuna njia ya kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji inayotoa floraidi, madini yanayoimarisha jino. Wapo wanaoiita tiba ya kimaskini, na kauli hiyo inatusikitisha. Njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na sasa inatumika nchi nyingi duniani. Gego lililoliwa pande mbili au zaidi, kiini kikiwa bado kizima, hudumu vizuri zaidi likivikwa kofia ya chuma.

Kuhusu jino jeusi: dawa tunayopaka ina madini ya fedha na floraidi, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Inasimamisha uozo bila sindano wala mashine. Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo. Huo ndio uozo uliosimama. Mzazi lazima aelezwe hili kabla dawa haijapakwa, na kama hukuelezwa, lalamiko lako ni la haki. Haipakwi kwa mtoto mwenye mzio wa madini ya fedha au vidonda mdomoni, wala kwenye jino lenye usaha.

Wapo pia wanaoomba ile dawa ya zamani ya kuzibia yenye zebaki. Machi 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana isitumike kwenye meno ya utotoni wala kwa watoto chini ya miaka 15, isipokuwa daktari akiona ni lazima kwa mgonjwa husika.

Mtoto aletwe na mzazi au mlezi anayeweza kutoa ridhaa. Dada wa kazi, jirani au kaka wa miaka 16 hawezi kusaini fomu ya ridhaa, na bila saini hiyo hatuchomi ganzi wala kung'oa. Njoo na kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na majina ya dawa alizokwisha kunywa. Fomu isomwe kabla ya kusainiwa. Ukibadili mawazo, mwambie daktari kabla ganzi haijachomwa, naye ataandika hivyo kwenye faili.

Kung'oa meno bila usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari na madaktari wa meno. Hii inawahusu pia wanaochimbua fizi za watoto wachanga kutoa kinachoitwa meno ya nailoni, yanayodhaniwa kuleta homa na kuhara. Hakuna meno ya nailoni. Kinachotolewa ni vichipukizi vya meno halali, na mtoto mwenye homa au kuhara anahitaji matibabu ya homa au kuhara. Hakuna pia funza ndani ya jino.

Nyumbani, mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Usimpe aspirini, wala usiisage kuiweka kwenye fizi, kwani inaunguza. Amoksilini ya dukani hutuliza uvimbe kwa siku chache na kuliacha jino vilevile. Uvimbe ukielekea jichoni au shingoni, mtoto akiwa na homa au akishindwa kumeza, usisubiri siku ya kliniki ya meno. Mlete idara ya dharura saa yoyote, hata usiku.

Jino lililopakwa dawa linakaguliwa tena baada ya miezi sita, hata kama haliumi, na mara nyingi hupakwa upya.