Kishikwambi katika Darasa la Sanaa na Ubunifu

Katika vyuo vikuu vinavyofundisha sanaa na ubunifu, mwanafunzi kwa kawaida hupimwa kwa kazi anayoiwasilisha mwishoni mwa muhula, ilhali sehemu kubwa ya elimu yake imo katika maamuzi aliyoyafanya njiani: mstari alioufuta, rangi aliyoibadilisha, umbo alilolihamisha. Kwa maoni yangu, faida kuu ya kishikwambi ni kuyahifadhi maamuzi hayo. Programu kama Procreate hurekodi uchoraji tangu mwanzo na kuuonyesha tena kama video iliyoharakishwa.

Mhadhiri anapoitazama video hiyo pamoja na mwanafunzi, huona yale ambayo picha iliyokamilika imeyaficha. Chukua mwanafunzi anayechora sura ya mtu, akaanza na kope na mng'ao wa mboni kabla hajapima kichwa kizima, kisha akahangaika kulisogeza jicho ambalo tayari amelipamba. Katika kazi iliyokamilika tunaona sura iliyokwenda upande tu. Katika video tunaona kosa lilipoanzia, na tunajua zoezi la kumpa.

Mara nyingi kosa hilo hutokana na urahisi wa kukuza picha. Aliyesogea hadi kwenye kope moja haoni tena uwiano wa sehemu na sehemu, kwa hiyo ni vyema hatua za mwanzo zichorwe picha nzima ikionekana, bila kukuza. Kitufe cha kutendua nacho kina gharama yake, kwani anayefuta kila mstari papo hapo hajifunzi kuukadiria kabla ya kuuchora. Ndiyo maana natetea kwa dhati mazoezi ya mkaa na wino yaendelee kuwapo. Mchoraji Mwingereza David Hockney, ambaye michoro yake ya iPad iliyochapwa kwa ukubwa ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Royal Academy, London, mwaka 2012, alikifikia chombo hicho akiwa na zaidi ya miaka 50 ya kuchora kwa mkono.

Jambo la kiufundi linalowaangusha wengi ni uchapaji. Kazi ya karatasi ya A3 yenye pikseli (nukta zinazounda picha) 300 kwa inchi huhitaji turubai, yaani eneo la kuchorea ndani ya programu, ya pikseli 3508 kwa 4961. Mwanafunzi akianza na turubai inayolingana na skrini ya pikseli 2388 kwa 1668, chapa yake ya A3 itakuwa na takriban pikseli 144 kwa inchi, na kingo zitafifia. Hata hivyo, kadiri turubai inavyokuwa kubwa ndivyo kifaa kinavyoruhusu matabaka machache, yaani sehemu za mchoro zinazochorwa kando na kulaliana, hivyo mpango wa matabaka ufanywe mapema. Rangi pia hubadilika, maana skrini huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino. Kijani kinachong'aa sana kwenye skrini huweza kufifia kwenye karatasi. Chapa ya majaribio ifanyike kazi ikiwa bado nusu.

Kwa chuo kinachopanga kununua vifaa, ningeshauri kitangulize kalamu inayohisi mgandamizo wa mkono. Kishikwambi cha toleo la zamani chenye kalamu ya aina hiyo kitamfaa mwanafunzi wa uchoraji kuliko kipya chenye kasi kubwa kinachochorwa kwa kidole. Wanafunzi nao waelezwe tangu wiki ya kwanza kwamba faili yenye matabaka na video ya mchakato vitatazamwa wakati wa kusahihisha, na kwamba kubadili mawazo katikati ya kazi hakutawapunguzia alama.