Dhana iliyofichika si jambo lolote la kweli

Vijana wengi wanaojiandaa na usaili hapa Kigoma huamini kwamba, swali la mantiki likiuliza "hoja hii inategemea dhana gani?", jibu ni sentensi wanayoijua kuwa ya kweli. Sivyo. Kinachotafutwa ni sentensi ambayo bila hiyo hoja haisimami.

Chukua hoja hii: "Wiki hii ni ya mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Kwa hiyo bei ya dagaa Kibirizi itapanda."

Mtu aliyekulia ufukweni atakimbilia chaguo "dagaa huvuliwa usiku kwa taa." Ni kweli tupu, na ndiyo sababu mbalamwezi huwasimamisha wavuvi. Lakini hoja imekwisha kusema hawaingii ziwani. Sababu yake haihitajiki tena.

Sasa jaribu "dagaa wakavu waliopo ghalani hawatoshi mahitaji ya wiki." Ikanushe: wanatosha. Basi kwa nini bei ipande? Hoja imeanguka, kwa hiyo hiyo ndiyo dhana yenyewe.

Mtego ninaouona mbaya zaidi ni huu: "kila wavuvi wasipoingia ziwani, bei hupanda." Unavutia kwa sababu unaifanya hoja ikamilike. Ukanushe, lakini kwa usahihi: kinyume cha "kila" si "kamwe", ni "si kila mara". Kwamba bei iliwahi kutulia mwezi fulani hakuzuii ipande wiki hii. Sentensi hiyo inatosha kuibeba hoja, ila hoja haiihitaji.