Mpira Kugusa Mguu Si Kosa Kila Mara
Katika ligi za burudani za mpira wa magongo wa ndani, wengi huamini kwamba mpira ukigusa mguu wa mchezaji, mwamuzi hana budi kupuliza filimbi. Sivyo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa, FIH, zinaeleza kuwa mchezaji wa uwanjani, yaani asiye kipa, hutenda kosa pale tu anaponufaika na mguso huo, au anapojiweka makusudi ili auzuie mpira kwa mwili. Mpira uliodunda kutoka kwenye ubao wa pembeni, ukaparaza kiatu cha beki, kisha ukamfikia mshambuliaji aliyekuwa akiusubiri, haujamnufaisha beki hata kidogo, na kusimamisha mchezo hapo ni kumnyima mshambuliaji nafasi yake. Wajibu wa mchezaji, basi, ni kuendelea kucheza hadi filimbi ilie, badala ya kusimama akiinua mkono kudai adhabu.