Lengo la somo si mada, wala si kufundisha

Jumamosi tulikaa walimu kumi na kitu hapa Goma, kila mmoja na fishi yake ya matayarisho. Mmoja akasoma: "Lengo: volkano." Wa pili: "Lengo: kufundisha milipuko ya Nyiragongo." Siku ile nilinyamaza. Leo imenishinda.

Lengo la somo ni kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya kipindi kikiisha, na ambacho alipoingia darasani hakukiweza. Basi.

Sasa neno lenyewe. Lengo limetoka kwa kulenga, kama tendo lilivyotoka kwa kutenda na pendo kwa kupenda. Mtoto anayetamani avoka ya jirani huokota jiwe, hufumba jicho moja, hulenga. Muulize analenga nini: hatakujibu "jiwe", wala hatakujibu "kurusha". Atakuonyesha avoka. Jiwe ndilo mada, neno tulilolichukua kwa Waarabu, ambao kwao ni kitu chenyewe kinachotumiwa kazini. Kurusha ndiko kufundisha, jasho lako wewe mwalimu. Na anayeandika fishi kwa Kifaransa hana pa kujificha: objektifu asili yake ni Kilatini, kitu kilichotupwa mbele. Kama kiko mbele, basi bado hujakifikia.

Mwaka 1962 Mmarekani Robert Mager aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili. Alitaka kitenzi kinachoonekana kwa macho: kuchora, kutaja, kutofautisha. "Kuelewa" nani amewahi kukuona?

Kinachoniudhi zaidi ni pale ubunifu unapogeuzwa kuwa lengo. Mwenzetu alipanga kuwatoa wanafunzi nje wakashike ukuta wa uzio uliojengwa kwa mawe ya lava. Wazo zuri, tena halidai hata franka moja. Hapa Goma nani amekosa ukuta wa namna hiyo? Tukamuuliza watarudi darasani wakiweza nini. "Watakuwa wamefurahi." Sawa, wafurahi. Lakini jiwe lilelile lingeweza kubeba lengo: mwanafunzi aeleze, kwa sentensi tatu na daftari likiwa limefungwa, kwa nini lava ya Nyiragongo hukimbia hivyo. Aseme ina silika kidogo, yaani yale madini yanayoifanya lava iwe nzito, kwa hiyo ni nyepesi kama uji wa maji; aseme ndiyo maana mwaka 2002 ilipasua katikati ya mji mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Ukimsikiliza akieleza, utajua kama avoka imeanguka au jiwe limepita hewani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiichane hiyo fishi. Volkano ipeleke kwenye mstari wa mada, ndiko kwake. "Kufundisha" lifute. Halafu anza upya: "Mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza…", na kitenzi kinachofuata kiwe cha kwake, si chako.