Barua ya Bryn Mawr imefika: yanayosemwa sebuleni na yaliyopo chuoni

Binti akipata nafasi katika chuo cha wanawake huko Marekani, Bryn Mawr kule Pennsylvania, au Smith, Wellesley na Mount Holyoke za Massachusetts, ukoo mzima huwa na la kusema. Husemwa kwa upendo, lakini mengine si kweli, na mwenye kuishi na uamuzi huo kwa miaka minne ni yeye.

Dhana: "Ni bweni la wasichana tena, geti na matroni."

Aliyetoka shule za bweni za wasichana kama Kilakala, Msalato au Loreto Limuru hudhani anajua kinachomsubiri. Bryn Mawr hakuna matroni. Wanafunzi wanajitawala tangu 1892. Mitihani mingi ya mwisho wa muhula mwanafunzi hujipangia siku ya kuifanya, ndani ya kipindi kilichowekwa, na hakuna msimamizi wa kupita kati ya madawati. Wanaaminiana, na kanuni ya uaminifu huo wanaisimamia wenyewe.

Halafu kuna desturi ya kutozungumzia alama. Mtoto aliyezoea matokeo kubandikwa ubaoni, wa kwanza hadi wa mwisho, ataona hili geni kuliko theluji. Wapo wanaopumua kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne. Wapo pia wanaotapatapa, kwa kuwa nafasi darasani ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha saa kumi alfajiri. Swali la wewe ni yupi kati ya hao naliona zito kuliko jina la chuo.

Dhana: "Hataona mwanamume miaka minne."

Atawaona. Wanafunzi wa Bryn Mawr na wa Haverford, chuo jirani cha mchanganyiko, husajili masomo pande zote mbili. Wellesley wana utaratibu kama huo na MIT, chuo cha teknolojia cha mchanganyiko.

Dhana: "Ni vyuo vya sanaa, mtoto wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) atapotea."

Jina lao la Kiingereza, "liberal arts", lina neno la sanaa ndani yake, ndiyo maana watu hudhani hivyo. Kumbe linamaanisha elimu pana: unagusa historia, hesabu, falsafa na sayansi kabla ya kuzama katika somo moja. Alama ya Apgar, ambayo mkunga humpa mtoto dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa, ilibuniwa na Virginia Apgar, aliyehitimu zuolojia Mount Holyoke mwaka 1929. Smith wanafundisha uhandisi tangu 1999. Wangari Maathai naye alisomea biolojia katika chuo cha wanawake, Mount St. Scholastica, Kansas, akahitimu 1964.

Ila anayetaka udaktari ajue kwamba Marekani huanza na shahada ya kwanza ya miaka minne, ndipo aombe chuo cha udaktari, ambako nafasi za wageni ni chache mno. Kama ndoto ni wodi ya Muhimbili, njia fupi inaanzia Muhimbili.

Dhana: "Ni vya matajiri."

Gharama ya mwaka kwa jumla inapita dola 80,000, kwa hiyo hofu ina msingi. Lakini vyuo hivi vinne hutoa msaada kulingana na uwezo wa familia uliothibitishwa. Kwa mwombaji wa kigeni, hata hivyo, kiasi anachohitaji huangaliwa wakati wa kuchagua nani aingie. Barua ya msaada isomwe mstari kwa mstari: kipi ni ruzuku, kipi ni mkopo, kipi ni kazi ya saa kadhaa kwa wiki, na nani analipa bima ya afya na nauli.

Dhana: "Mwenye Division One hashindwi."

Hapa ndipo ninapowaonea huruma wengi. Ugumu wa Bryn Mawr hauko kwenye kukariri. Darasa lina watu kumi na kitu, mwalimu anakujua kwa jina na anasubiri useme kwa nini hukubaliani na kitabu. Insha inarudi ina maswali pembeni, unaiandika upya, inarudi tena. Huwezi kujificha nyuma.

Unaweza kujipima kabla. Mwaka wa kwanza kuna semina ya uandishi yenye jina la Emily Balch, mhitimu wa 1889 aliyepata Nobel ya Amani 1946. Waombe ofisi ya udahili silabasi ya mojawapo, soma yaliyopangwa wiki ya kwanza, andika kurasa mbili. Ukimaliza ukajikuta unatafuta mtu wa kubishana naye juu ya ulichoandika, wape jibu la ndiyo kabla ya tarehe ya mwisho iliyo kwenye barua.